Kopa Lililomeza Namba ya Simu

Mxiuu! Jamani, tangazo la kijana wa watu limeliwa mchana kweupe, na hakuna aliyemwomba hata samahani.

Kijana ni wa hapahapa Litapunga. Ana mahindi yake, amechoka na madalali wa lumbesa, akaona ayatangaze mwenyewe. Akashika simu, akajaza fomu ya kuuzia mazao mtandaoni: “Karibuni wateja <3 bei maelewano, usafiri hadi Mpanda upo, nipigie”, kisha namba yake. Kilichotoka ni “Karibuni wateja”. Basi. Bei hakuna, usafiri hakuna, namba hakuna. Simu ikakaa kimya, na hapa kijiweni watu wakaanza kunong'ona kwamba mahindi yake yana dumuzi.

Dumuzi gani! Ni lile kopa. Vijana wa vitochi hulichapa kwa alama ya “ndogo kuliko” tuliyofundishwa shuleni, na tatu pembeni yake, nao wana sababu nzuri. Ujumbe mmoja wa simu hubeba baiti 140, yaani herufi 160 za kawaida. Ukitia kopa la rangi, herufi zote zinahamia mfumo mwingine wa kuhifadhia, nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 100 unahesabiwa jumbe mbili, salio linakatwa mara mbili. Kopa la kuchapa linachukua nafasi mbili tu, na kwenye kitochi cha zamani linafika lilivyo, wakati lile la rangi hufika kiboksi kitupu. Desturi ya kuchora hisia kwa alama ni kongwe: Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza uso wa kucheka :-) tarehe 19 Septemba 1982, ili utani utambulike.

Sasa, kwenye kurasa za intaneti alama ileile ina kazi nyingine. Katika HTML, lugha aliyoianzisha Tim Berners-Lee, < hufungua amri na > huifunga. Chujio la ovyo la kuondoa amri kwenye fomu likiona < linadhani amri imeanza. Linafuta huku likisubiri >. Kijana hakuandika >, kwa hiyo likafuta mpaka mwisho. PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi mno, ina chujio la aina hiyo, strip_tags, na maelekezo yake yenyewe yanaonya kuwa linaweza kufuta zaidi ya ulivyotarajia. Onyo lipo, wasiolisoma wapo, hasara anapata mkulima.

Mtaniambia usalama. Kweli, hatari ipo: Oktoba 2005 Samy Kamkar alipenyeza amri kwenye ukurasa wake wa mtandao wa kijamii wa MySpace, na haikufika saa 24 kurasa za watu zaidi ya milioni moja zikawa zimeambukizwa. Lakini mlinzi hana haja ya kufuta maneno ya mtu. Igeuze < iwe &lt; wakati wa kuionyesha, na kivinjari kitaichora kama alama tu, bila kufungua amri yoyote. Kazi ya mstari mmoja!

Kinachoniuma zaidi ni ule ukimya. Fomu ilimjibu kwamba tangazo limepokelewa. Haikumwambia limepokelewa kipande. Angejuaje? Bando lake dogo, akazima data, akarudi shambani akiamini kazi imekwisha.

Nyie mnaotengeneza mifumo ya wakulima, kabla hamjatuletea, andikeni <3 katikati ya sentensi, bonyezeni tuma, kisha someni kilichobaki. Na wewe ndugu yangu wa Litapunga unayetangaza mazao, namba ya simu itangulie, bei ifuate, kopa liwe la mwisho kabisa.