Somo wa Jikoni: Njaa Haiombi Ruhusa

Barua za mwezi huu zimejaa kapu. Nimezisoma zote, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza apike nini. Mnaomba ruhusa. Mtu mzima, mwenye mshahara na mtungi wake wa gesi, anamwandikia mwanamke asiyemjua kumwomba kibali cha kula maharage. Mimi si hakimu wala si daktari. Ni somo, kazi yangu ni kufunda. Haya, kaeni mkekani.

*Somo, shikamoo. Nimepandishwa cheo kazini, na mke wangu ameamua kwamba bosi hali kiporo. Asubuhi ananiwekea nafaka za boksi na maziwa baridi. Nakula, nashukuru, roho haitulii. Kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri, nakaanga wali wa jana kwa kitunguu, nakula nimesimama na chai ya rangi, kisha narudi kitandani kimyakimya. Juzi mke wangu kasikia harufu ya kitunguu mwilini mwangu, kaniuliza nina mwanamke gani. Nimjibu nini?*
*Meneja wa Gizani, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Mjibu kweli: mwanamke huyo ni yeye mwenyewe, wa jana jioni. Kwani huo wali kaupika nani?

Kiporo hakina cheo. Hata ligi kuu ina mechi za viporo, na sijasikia klabu iliyozikataa pointi zake. Tena wali wa jana una sifa ambayo wa leo hauna: ukipoa, wanga wake hukakamaa, punje zikaachana, na kikaangoni hazishikani. Ndiyo maana hata Wachina hukaangia wali uliolala.

Ila nina swali ambalo mkeo hajakuuliza: huo wali umelala wapi? Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto la Dar es Salaam, mbegu zile huamka, huzaana na kumwaga sumu, na sumu yenyewe haitoki hata ukaange mpaka majirani wakohoe. Wa nazi ndio huchacha upesi zaidi. Basi upoze haraka, uingie kwenye friji usiku uleule, na asubuhi uupashe mpaka utoe mvuke. Kisha ule mezani, saa moja, umekaa, taa imewashwa. Mkeo msogezee kijiko cha kwanza. Nafaka za boksi zitasubiri. Zenyewe zina tarehe ya mbali.

*Somo, mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Marangu. Kila Desemba ukoo mzima unapanda mlimani, na kuanzia mkesha wa Krismasi ni mtori, kiburu, kisusio na nyama. Vyote vitamu, lakini siku ya tatu roho yangu inalilia wali wa nazi. Mwaka jana nikampigia simu mama mkwe: "Mama, safari hii naja na mbuzi." Nilipofika, mashemeji watatu walikuwa wamesimama getini na kamba na kisu. Nikafungua begi, nikatoa mbuzi ya kukunia nazi. Mpaka leo naitwa Mama Mbuzi. Desemba inakaribia. Nifanyeje?*
*Mwali wa Pwani*

Mwanangu, watu uliwaahidi supu ukawapelekea kigoda chenye meno. Kwa Wachaga mbuzi wa sikukuu si kitoweo tu. Kila kiungo kina mwenyewe kwa cheo chake katika ukoo, na anayekosa kipande chake anajua amesahauliwa. Wale mashemeji pale getini walikuwa wameshagawana kichwani.

Kwa hiyo kwanza lipa deni: mwaka huu changia mbuzi wa miguu minne. Pili, kaa karibu na mama mkwe akufundishe mtori: ndizi zinavyomenywa, zinavyochemka na nyama mpaka zilainike, zinavyopondwa zisibaki na mabonge. Muulize kwa nini mzazi aliyetoka kujifungua hupewa mtori kabla ya kitu kingine. Wala usiulize kwa kujipendekeza. Ipo siku utajifungua ukiwa Tanga, utautamani mtori, na mama mkwe atakuwa mbali.

Tatu, nazi zibebe kutoka kwenu, maana kule juu baridi haiutaki mnazi. Zikunie siku ambayo watu wamechoka nyama, tarehe 27 hivi, na usitangaze. Tui likichemka watoto watakuja wenyewe. Wakishakula, bibi yao ataonja, walau ajue wajukuu wamelishwa nini. Akiomba nyongeza, usimwambie "si nilikuambia." Mwongeze.

*Somo, mimi nikisafiri sitaki kitu ila samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha. Ndivyo mama alivyonifungashia tangu nasoma bweni. Safari iliyopita, ndani ya basi la kwenda Arusha, mama mmoja alihama kiti. Je, nimekosa?*
*Abiria wa Dirishani*

Roho yako ikitulia na za watu hamsini zikachafuka, hesabu imekataa. Yai lina salfa. Likichemshwa kupita kiasi hutoa gesi, na kwenye basi la kiyoyozi gesi hiyo haina kituo cha kushukia. Samaki naye hushuka wa mwisho.

Sikunyimi chakula cha mama yako. Nakupangia mahali. Gari likisimama Korogwe au Mombo watu wachimbe dawa, wewe kaa kivulini ule samaki wako mpaka mwiba, unawe kwa sabuni, upande. Ndani ya gari ni korosho, karanga, muhogo mkavu wa kukaanga na mkate. Chungwa linaruhusiwa, maana likimenywa hata aliyekununia atageuza shingo. Mkatie kipande. Na yule mama aliyehama kiti, ukikutana naye tena, mkatie viwili.

*Shikamoo Somo. Nasoma Leipzig, Ujerumani. Majira ya baridi jua linazama saa kumi jioni, na siku hizo bila ugali sijisikii mtu. Nimesonga semolina nikapata gundi. Nimesonga polenta ya dakika tatu ikabaki uji. Tena ninayeishi naye nyumba moja ni Mtaliano wa Bergamo. Kautazama ugali wangu, kasema ni polenta iliyokosewa. Sasa tumenuniana na jiko ni moja.*
*Mwiko Ughaibuni*

Marahaba, mwanangu, vaa soksi. Semolina uliyonunua ni ngano, na ngano ikisongwa huvutika. Haina kosa, ndivyo ilivyoumbwa. Polenta ya dakika tatu imeshapikwa kiwandani, wewe unaipasha tu, kwa hiyo haikazi unavyotaka. Nenda duka la vyakula vya Kiafrika ukatafute unga mweupe. Ukikosa, duka la Waturuki lina unga laini wa mahindi ya njano. Anza na uji, uache utokote dakika kadhaa, ndipo uongeze unga na usonge, kisha ufunike kidogo kwa moto mdogo. Unga wa Wameksiko uache dukani: mahindi yake yamechemshwa na chokaa, mazuri kwa mikate yao, si kwa sima yako. Na njano isikutishe. Wazee wako waliwahi kula unga wa njano wa msaada, wakauita wa Yanga kwa rangi ya jezi. Walilalamika huku wakishiba, wa Simba wakilalamika zaidi.

Sasa huyo Mtaliano. Mahindi yalianza kulimwa Meksiko miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Kabla ya hapo mababu wa Bergamo walisonga nafaka nyingine, na wako walisonga ulezi na mtama. Kwa hiyo mmenuniana kwa mali ya mtu wa tatu. Huko kwao Wataliano wa kusini huwatania wa kaskazini kwa kuwaita polentoni, walaji polenta, kwa hiyo anajua uchungu wa kuchekewa sufuria. Mwambie akupikie ile ya kweli, isiyo ya haraka. Utamwona anasimama jikoni dakika 40 na zaidi akikoroga, kisha anaimwaga juu ya ubao na kuikata kwa uzi. Mtu anayemenyana na sufuria dakika 40 si adui yako. Mletee mchicha.

Majibu ya haraka

*Urojo ni chakula au kinywaji? (Mgeni wa Forodhani)*
Viazi, bajia, kachori na chipsi za muhogo ni chakula. Rojo lenye embe mbichi na ndimu ni kinywaji. Zanzibar vyote vinauzwa katika bakuli moja. Anza kwa kijiko, malizia kwa midomo.

*Niko Mombasa likizo. Hotelini kuna soseji za kila aina, roho inataka mahamri na mbaazi za nazi. Lakini nimeshalipia vyote. (Mlipia Vyote)*
Hela imeshakwenda, tumbo lisiifuate. Toka mapema, mbaazi za asubuhi haziwangoji wanaolala.

*Idi nimealikwa nyumba tano, na zote ni pilau. (Mpenda Watu)*
Ya kwanza kula, ya pili onja, ya tatu sifia. Kuanzia ya nne omba ufungiwe, kisha soma hapo juu nilivyomwambia meneja wa Tabata kuhusu friji.

*Daktari kanikataza chumvi, nami bila ng'onda sili. (Mkaidi wa Pemba)*
Hapo mimi sina mdomo. Msikilize daktari. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vinakusubiri.

*Na wewe Somo, ukiwa peke yako unakula nini? (Mdadisi)*
Nakula, sijielezi. Mngejua kufanya hivyo, kapu langu lingekuwa jepesi.