Hita ya Voi

Mama mkwe hapokei simu zangu. Jumapili iliyopita alikalia kiti cha mbele cha Peugeot 504 yangu akiwa na sare nyeupe ya akina mama wa Kianglikana, kitambaa cha buluu kichwani na Biblia mapajani. Tulipofika kwenye kona za juu ya Mwatate nikawasha feni mpya ya hita. Aliteremka Wundanyi mwekundu mzima, kama ndovu wa Tsavo aliyetoka kujigaragaza.

Haikutokea kwa mkupuo. Kwanza kitu kilikwaruza ndani ya dashibodi. Kisha likatoka jani kavu la mwarobaini, moja tu, likamtua begani kwa adabu. Mama akaliokota, akaligeuza, akaanza kusema, "Baba, hivi hili gari lako..." Hakumaliza. Yalifuata manyoya ya kuku, mabaki ya kiota cha nyigu, mkia wa mjusi usio na mjusi, halafu vumbi lote ambalo 504 ile ilikuwa imelivuta tangu itoke kiwandani, na madirisha yamefungwa kwa baridi.

Swichi ilikuwa upande wake. Fundi aliifunga chini ya dashibodi kushoto, kwa maelezo kwamba waya ulikuwa umeishia hapo. Sasa niambie, ni mkwe gani anayepitisha mkono magotini pa mama mkwe wake, hata gari likiwaka moto? Nikamwomba kwa heshima zote: "Mama, naomba ubonyeze hapo chini kidogo." Akatafuta kwa kidole, macho ameyafumba, akabonyeza. Ndipo nilipojua kwamba mpaka wakati huo tulikuwa kasi ya pili, na kwamba ya tatu ipo na inafanya kazi barabara. Kanisani kasisi alimpa mkono, kisha akautazama mkono wake.

Tangu siku hiyo kila mtu ananiuliza mkazi wa Voi anatafutia nini hita. Voi hii ambako saa saba mchana mbuzi hugombea kivuli cha nguzo ya stima! Anayeuliza hivyo hajapanda Wundanyi mwezi wa Julai. Mji wetu uko kama mita 600 juu ya bahari. Kilele cha Vuria kule juu kina mita 2,208. Unaondoka nyumbani vifungo vya shati vikiwa wazi, na muda si mrefu umo ndani ya ukungu, kioo cha mbele kimefunga kwa pumzi za abiria, kila mmoja anapangusa kipande chake kwa mkono. Kona zile zinataka dereva aone, angalau kwa zamu.

Tena hita ni joto ambalo ulishalilipia pale kituo cha petroli. Mafuta yakiungua, chini ya theluthi moja ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari. Iliyobaki nyingi hutokea ekzosi, au hubebwa na maji ya injini kwenda kupozwa kwenye rejeta. Mkondo mdogo wa maji hayohayo hupitishwa chini ya dashibodi, kwenye rejeta ndogo unayoweza kuikamata kwa mikono miwili, na feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake. Ndiyo maana gari likikaribia kuchemsha mlimani, dereva wa zamani hufungua hita mpaka mwisho: anakuwa na rejeta mbili. Injini inapoa, yeye anaiva.

Lakini feni iwe feni. Ya kiwandani ilikuwa na kasi mbili, kelele ndogo na kelele kubwa. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas, ila hewa niliyokuwa napata mimi isingezima kiberiti. Wengi hudhani dawa ni kuizungusha kwa kasi zaidi. Thubutu! Feni ikizungushwa mara mbili hutoa hewa mara mbili, lakini hudai nguvu mara nane. Mara nane! Siri iko kwenye umbo. Mapanga ya kawaida hufanya kazi vizuri mahali pa wazi. Ukiyawekea rejeta iliyobanana mbele yake, hewa hugeuka na kurudi ilikotoka. Feni ya pipa, yenye vibawa vidogo vingi vilivyopangwa duara, huivuta hewa katikati na kuitupa pembeni, ndani ya ganda la konokono linalopanuka polepole kuelekea mdomoni. Humo hewa hupunguza mwendo, na ule mwendo iliopoteza hugeuka kuwa msukumo. Nilikuwa nalo ganda hilo mezani usiku, nikilizungusha kwenye mwanga wa taa, chakula kinapoa. Lilitoka kwenye Probox iliyopinduka. Mota yake hula ampea kama 15, yaani wati 180 kwa betri ya volti 12, na nyaya za 504 zingeyeyuka. Kwa hiyo tulivuta waya mnene kutoka kwenye betri, tukaweka fiuzi na rilei.

Wala hiyo rejeta ya pili nisingeihangaikia hivi kama maji ya kujazia ya kwanza yangekuwa maji. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, katika kaunti hiihii. Mvua ya Milima ya Chyulu hupenya kwenye mawe ya volkano, hutokea Mzima ikiwa safi kabisa, na tangu miaka ya 1950 kuna bomba la zaidi ya kilomita 200 linaloyapeleka maji hayo Mombasa. Voi tunapewa mgao, lakini mfereji wangu hukohoa hewa siku nyingi kuliko unavyotoa maji, na mimi hununua ya mkokoteni: mtungi wa jikoni, mtungi wa rejeta. Mombasa nako wananunua kwa mtungi, hata sijui nimwonee nani wivu. Ndovu akikosa maji huvunja tangi la mtu, na helikopta inakuja kumrudisha mbugani. Mwenye tangi anaambiwa ajaze fomu. Bomba la pili limezungumzwa miaka mingi, na kila mzungumzaji huwa na chupa ya maji mezani.

Mengine ni madogo. Fiuzi iliungua Taveta. Honi hulia hita ikiwashwa.

Koki ya maji ya hita imekwama wazi, basi naingia Voi mchana nikiota moto. Nilimpelekea fundi lawama zangu zote, akanisikiliza mpaka mwisho huku akijifuta mikono, akaniambia ile Probox ilikuwa na eyakondishena pia, nzima, ameniwekea kando, bei tutaongea.