Kopi Moja Tu, Mwalimu

Muuzaji wa mashine ya fotokopi hakosi maswali. Unataka ya rangi au nyeusi tupu? Yenye waifai? Ya kurasa 20 kwa dakika au 40? Lakini sijakutana na hata mmoja wa kuniuliza, "Mwalimu, hii mashine itakaa wapi?" Angeuliza, ningemjibu Kambu, na hapo maongezi yangelazimika kuanza upya.

Kambu, kwa nyinyi mnaotupita mkikoroma ndani ya basi la Mombasa, iko kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Tuna joto, tuna malori, na tuna vumbi jekundu linaloingia hata kwenye dirisha lililofungwa. Tangu nistaafu ualimu, sebule yangu ndiyo ofisi: navichapia vikundi vya akina mama katiba na kumbukumbu za mikutano. Kurasa 40 kwa dakika nizipeleke wapi?

Nikaonyeshwa kwanza mashine ya wino. Bei yake ilinifanya nitabasamu, mpaka nikauliza bei ya katriji. Kumbe ile ya kwanza ni kishika uchumba tu. Mahari yenyewe ni wino. Tena ukiiacha wiki kadhaa bila kazi kwenye joto letu, wino hukaukia kwenye vitundu. Mashine nayo, ili kujisafisha, inakunywa wino uleule ulioulipia.

Halafu nikapelekwa kwenye mitumba ya Uingereza, majitu yaliyostaafu kama mimi, ila yenyewe yalifanya kazi kwenye viyoyozi. Hapo nilimwambia kijana anifungulie mita inayohesabu kurasa zilizokwisha kutolewa. Akakohoa. Akaniambia nitazame kwanza jinsi rangi ya nje inavyong'aa.

Afadhali wazee wa zamani. Chester Carlson, aliyechoka kunakili hati za uvumbuzi kwa mkono, alipata kopi yake ya kwanza mjini New York tarehe 22 Oktoba 1938. Ilipita miaka 21 ndipo ikatoka Xerox 914, yenye uzito wa karibu kilo 300. Ilikuwa na tabia ya kuunguza karatasi, basi kampuni ikaiuza pamoja na kizima moto. Huo ndio uungwana! Siku hizi unauziwa tatizo, kizima moto utajitafutia.

Iliyobaki ni leza ndogo. Hii haina wino wa kukauka. Ina tona, unga mkavu unaoyeyushwa juu ya karatasi kwa rola yenye joto la karibu nyuzi 200. Joto hilo si la bure. Mashine ikianza kuamka, taa ya sebuleni inafifia na betri ya akiba ya kompyuta inapiga yowe. Ukiwa na kasola kadogo ka paa, usijaribu.

Kwenye boksi la tona wameandika kurasa 1,500. Usizihesabu kama zako. Wanapima kwa ukurasa ambao maandishi yamefunika asilimia 5 hivi ya karatasi. Hapa kwetu tunatoa kopi za vitambulisho, na picha ya kitambulisho ni giza tupu lenye masikio. Gawanya bei ya tona kwa nusu ya hizo kurasa, ongeza karatasi, ndipo utajua kopi moja inakugharimu nini.

Na uliza fundi yuko wapi. Wangu yuko Nairobi, na dawa yake ni moja: "Ilete." Treni ya SGR inasimama Kibwezi na Mtito Andei; sisi tunaipungia mkono. Kwa hiyo mashine husafiri kwenye buti ya basi, na ikirudi inakuwa na ugonjwa mpya.

Niliichukua hiyo leza, ya rangi nyeusi tu, kwa sababu tona yake inapatikana Kibwezi. Nikadhani nimenunua mashine ya ofisi. Msimu wa fomu za basari ukaingia.

"Kopi moja tu, Mwalimu." Moja ina maana ya kitambulisho cha baba mbele na nyuma, cha mama mbele na nyuma, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule na barua ya chifu. Wenye saiba hutoza shilingi 10 kwa ukurasa. Mimi hulipwa ndengu na "Mungu akuzidishie". Amina, lakini tona haijazwi kwa ndengu.

Juzi nikabandika tangazo mlangoni: HAPA SI SAIBA. Jirani yangu mwenye printa akasimama, akalisoma lote, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akalibandua, akaingia nalo ndani.

"Mwalimu, hili ni zuri sana. Nitolee kopi moja, nami nikabandike kwangu."