Usaili wa Gizani

Taa zilizimika sentensi ikiwa katikati. Kijana alikuwa amefika penyewe, pale anapoeleza jinsi alivyokishika kikundi chao cha utafiti baada ya mwenzao kuacha chuo, mara kwenye skrini ikabaki kola ya shati jeupe na kidevu kilichomulikwa na kompyuta kutokea chini, mandhari kamili ya filamu ya mizimu. Pembeni, saa ya programu iliendelea kurudi nyuma bila huruma. Hakuwa na wa kumwambia “samahani kidogo”, maana upande wa pili hapakuwa na mtu.

Ilikuwa Leeds, mwezi wa Februari, kwenye chumba cha kujisomea cha maktaba ya chuo, ambako kadi yake, kwa rehema za mtu fulani, ilikuwa bado haijafungwa. Nyumbani kusingewezekana. Wanaishi sita, kuta nyembamba, na mmoja wao hawezi kupika bila kufungulia mahubiri kwa sauti ya juu.

Usaili wenyewe ni wa aina yake. Mwajiri hatokei. Unatumiwa kiungo, unakifungua, unakutana na sura yako mwenyewe, swali linajiandika juu ya paji la uso wako, unapewa sekunde 30 za kuwaza na dakika 2 za kujibu, kisha linakuja lingine. Unatakiwa kulitabasamia tundu la kamera, si skrini, kwa hiyo hata faraja ya kujitazama huna. Ukiteleza hakuna kurudia. Video inakwenda kukaa mahali hadi itazamwe na mtu, au na mashine, au isitazamwe kabisa. Kuna wakati programu za namna hii zilichambua hadi misuli ya uso wa msailiwa ili kumpa alama. HireVue ya Marekani, moja ya kampuni zinazojulikana sana katika biashara hiyo, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeachana na uchambuzi wa nyuso. Programu iliyomkabili kijana haikusema inachambua nini. Ilimshauri tu atulie, asitikisetikise mwili, amtazame msaili machoni.

Akatulia. Hapo ndipo yalipomkuta.

Taa za chumba kile zinaendeshwa na kihisi, kidubwana cheupe cha plastiki kilichobandikwa darini, na usiku ule kijana alisoma habari zake hadi saa nane, kwa hamu ambayo hajawahi kuipa barua ya maombi ya kazi hata moja. Watu hudhani kidude kile kinaona watu. Hakioni. Kila mwili wenye joto hutoa miale ya infraredi, na ndani ya kihisi mna vipande viwili vya kitu kinachozalisha umeme mdogo sana joto lake linapobadilika. Vipande hivyo vimeunganishwa kwa kupingana: umeme wa kimoja unafuta wa mwenzake. Chumba kizima kikipata joto, vyote viwili vinaguswa sawasawa, vinafutana, hakuna kinachotokea. Mtu akipita, miale yake inakigonga kimoja kabla ya kingine, na tofauti hiyo ya punje ndiyo inayowasha taa. Kile kifuniko chenye vijisahani vingi si pambo. Ni lenzi inayokikata chumba vipande vipande, ili kila hatua ya mtu iwe ni kuvuka mpaka. Kinachohesabika ni kuvuka. Binadamu aliyetulia tuli, mwenye nyuzi zake 37, shahada yake ya uzamili na tai iliyofungwa kwa msaada wa YouTube, kwa hesabu za kihisi ni kiti.

Ubunifu wa bei chee, na wa kupendeza mno, ilimradi usiwe wewe ndiye kiti.

Kijana alijaribu kuokoa jahazi. Huku akiendelea kuzungumzia uongozi, aliinua mkono na kuupunga kama anayesimamisha daladala. Giza. Akaongeza wa pili. Kumbe kihisi kilikuwa darini karibu na mlango, nyuma yake, na rafu ya vitabu imekikinga. Akasimama, kamera ikabaki na mkanda wake wa suruali. Akatoka kabisa kwenye picha, sauti ikisikika kwa mbali ikisema, “na hapo nikajifunza umuhimu wa mawasiliano.” Taa zikawaka na kukimulika kiti kitupu. Alirudi mbio, akaketi, akalitabasamia tundu, muda ukaisha.

Jioni mama alipiga simu kutoka Morogoro.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Usaili umefanyika?”

“Umefanyika.”

“Walikuwa wangapi?”

“Hakukuwa na mtu, mama.”

“Hawakuja?”

Alieleza yote, kuanzia kiungo hadi kihisi. Mama, ambaye enzi zake aliingia usailini na bahasha ya kaki akakuta wazee watano nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nauli walimrudishia.

Majibu yalikuja kwa barua pepe kabla hakujapambazuka. Walimshukuru kwa muda wake. Giza hawakuligusia. Walisikitika kwamba kwa nafasi hii hawawezi kuendelea na waombaji ambao baadaye watahitaji udhamini wa viza.

Sasa, jibu hilo walikuwa nalo tangu siku alipojaza fomu. Fomu za ajira za Uingereza zina swali ambalo wahitimu wa kigeni wanalijua kama wanavyojua namba zao za simu: je, sasa au siku za usoni, utahitaji mwajiri akudhamini? Kwa sasa, hapana. Viza ya wahitimu, iliyofunguliwa Julai 2021, inamruhusu kijana kufanya karibu kazi yoyote kwa miaka 2 (michezo ya kulipwa hairuhusiwi, lakini hakuna aliyewahi kumshuku kwa hilo), na mwajiri halipi hata senti. Aliyelipa ni kijana: ada ya maombi pauni 880, na tozo ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, yote inadaiwa kwa mkupuo kabla hujapata hata mafua. Jumla pauni 2,950. Ila siku za usoni, naam, miaka 2 ikiisha atahitaji mdhamini. Akijibu “ndiyo” anachujwa. Akijibu “hapana” amedanganya. Kisanduku hakina pa kujieleza.

Waajiri nao wana hofu zao. Tangu Februari 2024, anayekutwa na mfanyakazi asiye na ruhusa anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila kichwa, na hadi 60,000 akirudia. Kudhamini kwa haki nako kuna bei: leseni, cheti cha pauni 525, na tozo ya ujuzi ambayo kwa kampuni kubwa imekuwa pauni 1,320 kwa mwaka tangu Desemba 2025. Mshahara wenyewe lazima ufike pauni 41,700, au 33,400 kwa anayeanza kazi, na nje ya London kazi nyingi za mhitimu mpya hazisogei hapo. Ofisa rasilimali watu akiona msitu huo anatia alama kwenye kisanduku na kwenda kunywa chai. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kwa nini mtu aliyeangushwa na kisanduku alitolewa jasho mbele ya kamera, akachukuliwa sura na sauti na hadithi ya mwenzao aliyeacha chuo, vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kuvitazama. Wangeweza kumwambia “hapana” siku ile ile ya fomu, akaenda kulala.

Na vyuo navyo viulizwe. Ada za uzamili za wageni hazina kikomo cha serikali, na ada za wageni ndizo zinazoziba matundu ya bajeti. Kwa hiyo kwenye vipeperushi ile miaka 2 inapigiwa debe pamoja na picha ya mhitimu anayerusha kofia. Kisanduku hakijawahi kupigwa picha. Tena mlango wenyewe ni wa kufungwa na kufunguliwa kwa zamu: viza ya namna hii ilifutwa Aprili 2012, ikarudi 2021, na kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 miaka 2 inakuwa miezi 18, isipokuwa wenye udaktari wa falsafa.

Mengine yaliyompata ni ya kupita. Kwenye maonyesho ya ajira alimpa mtu wasifu wake, akapewa kalamu. Meneja wa mgahawa alimdai kadi ya plastiki ya ukaazi, kadi zilizofikia mwisho wake tangu Desemba 2024, na alipopewa msimbo wa kuthibitisha ruhusa ya kazi, wenye herufi na namba tisa na unaoanza na W, akaushangaa kama tiketi ya bahati nasibu. Wakala alimpigia kuhusu “kazi ya hapo hapo Leeds”; ilikuwa Aberdeen.

Wiki iliyopita binamu yake wa Dar es Salaam, aliyepata nafasi ya uzamili ya Septemba, aliomba ushauri. Kijana alikaa chini akamwandikia kwenye WhatsApp hesabu yote: ada, tozo, mishahara, miezi 18, kisanduku. Ujumbe ulikuwa mrefu hadi akautuma kwa sehemu mbili.

“Asante sana kaka,” binamu akajibu. “Kianzio nimeshalipa. Koti la baridi ninunue huko au soko la Karume?”

“Karume,” akaandika kijana, na huo ushauri binamu aliufuata siku ile ile.