Nilikimbia Jembe, Nikaangukia Panga

Mimi na ndago hatujawahi kupatana. Nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Morogoro kuna kipande cha ardhi chenye migomba minne, mipapai miwili na matuta ya bamia. Kila masika kipande hicho huwa cha ndago kwanza, halafu chetu. Ukimpalilia Jumamosi, Jumatano kashachomoza, kanyooka kama askari wa gwaride. Majani unayoyakata ni salamu tu; mwenyewe yuko chini, kinundu kimejifungia udongoni, na jembe likivitenganisha vinundu kila kimoja kinaanza maisha yake. Miaka miwili nilidhani namuua, kumbe namhamishia familia.

Mzee jirani, ambaye huangalia mateso yangu kutoka kibarazani kwake akinywa kahawa, akanionea huruma.

"Mwalimu, ardhi haikubali kukaa uchi. Panda matembele. Yakishatanda, hupalilii tena."

Mbegu nyingi za magugu hutaka mwanga ndipo ziote, akanieleza, na chini ya majani ya viazi vitamu ni giza. Marando akanipa bure, ya futi moja moja, nichomeke nusu udongoni. Nilishukuru mno. Ila sikio langu lilikuwa limekamata lile "hupalilii tena" peke yake; "yakishatanda" lilipita. Jumamosi nikapanda, Jumapili nikamwazima mtu jembe langu na kumtangazia mke wangu kwamba nimestaafu.

Wiki ya tatu nilikwenda kuliomba jembe langu kwa unyenyekevu, kama mtu anayekopa. Kabla majani hayajakutana, palizi iko palepale, tena ngumu zaidi, maana unaogopa kukata ulichopanda.

Lakini kwenye wiki ya saba, jamani! Chini ya migomba hakuna kishona nguo, hakuna mchicha pori, ni zulia la kijani tupu. Nikawa natembeza wageni huko kabla hawajapewa chai.

Tatizo la matembele ni kwamba hayajui zulia linaishia wapi. Kila pingili inayogusa udongo unyevu inatoa mizizi na kuhesabu hapo ni kwao. Yakaingia kwenye bamia, yakapita juu ya mpira wa maji, yakameza kandambili moja ya mke wangu. Kisha tetea wetu akapotea. Nilitafuta siku mbili, nikahitimisha kwamba kaibiwa, na kwenye kikao cha mtaa nikasimama kutoa hotuba kali kuhusu maadili ya vijana wa siku hizi. Kuku huatamia siku 21. Siku zilipotimia, tetea akatoka kwenye matembele na vifaranga tisa, akapita nao mbele ya vijana walewale waliokuwa wamekaa kijiweni. Hakuna aliyesema neno. Walinisalimia tu, "Shikamoo, Mwalimu," kwa adabu iliyozidi kipimo.

Mama mkwe alipokuja alisimama mlango wa nyuma, akatazama, akasema, "Humu hamkosi nyoka." Bafu la wageni liko uani. Nikachukua panga jioni ileile, na tangu hapo kila Jumamosi nakata marando. Yanayokatwa hayatupwi: matembele ya nazi, matembele ya karanga, matembele na dagaa. Mtoto wetu wa mwisho aliuliza kama tumekuwa mbuzi. Nikamwambia avumilie, viazi vinakuja. Vilipokuja vilikuwa kama vidole gumba, kwa sababu kiazi kikikaa kivulini nguvu zote zinakwenda kwenye majani.

Hata hivyo siyang'oi. Chini ya migomba sijashika jembe tangu wakati ule, na kukata kwa panga ni nusu saa tu, umesimama wima. Kwenye bamia nimeyafukuza. Kati yao nimeacha njia ya hatua moja, na rando likivuka linakatwa bila kesi. Magugu yote yamekata tamaa isipokuwa ndago, anayetoboa katikati ya majani kila mvua ikinyesha, japo mmoja mmoja na kwa aibu kidogo.

Anayetaka marando, mlango wa nyuma uko wazi. Aje na panga lake, na akiiona kandambili ya bluu ya mguu wa kushoto, ni ya mke wangu.