Tarumbeta ya Bwana Clarke

Kosa langu lilikuwa kuchelewa kikao. Kwenye kamati ya harusi anayechelewa hupewa kazi akiwa bado barabarani. Nilipofika Tengeru na kuvuta kiti, keki ilishapata msimamizi, ndafu ilishapata wasimamizi wanne, na mimi nikatangaziwa kuwa ndimi Kamati Ndogo ya Muziki wa Ibadani: mwenyekiti, katibu na wajumbe wote.

"Wewe umesoma seminari," Mwenyekiti akaniambia. "Mambo ya noti unayajua."

Fungu langu lilikuwa mstari wa mwisho wa bajeti, chini hata ya "Dharura": shilingi 50,000. Ndafu, ambaye angeingia ukumbini amekwisha kufa, alikuwa ametengewa mara sita ya hapo.

Bibi harusi ni mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa ameona kwenye simu harusi ya watu wa Ulaya, fidla nne na maua meupe, akaniandikia usiku huohuo: "Kaka, nataka klasiki. Usiniangushe." Nikalipeleka neno hilo kikaoni kama lilivyo, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mwenyekiti alikulia kwenye kumbi za dansi. Kwake klasiki ni Marijani Rajabu na Mbaraka Mwinshehe, na hakuona kwa nini binti asiingie kanisani kwa solo la gitaa. Mjomba, ambaye nyumbani kwake ni Momella, upande wa pili wa Meru, akasema kama ni muziki wa wazungu basi upo uliotungwa kwa ajili ya kwetu. Na ni kweli. John Wayne alikuja kupiga sinema Momella, ikatoka mwaka 1962, na Henry Mancini akaitungia muziki wa kuchekesha wa watoto wa tembo. Tatizo ni kwamba sinema yenyewe inaitwa *Hatari!* Mama mzaa chema alisema hawezi kumpeleka mwanawe madhabahuni kwa jina hilo, na mapendekezo ya Mjomba yakaishia hapo. Kwa kikao kile, lakini.

Shangazi naye alikuwa na wimbo wake. "Ule wa kwenye sinema zote," akasema, akauimba kwa pua: taa, ta-ta-taa. Ni wa Wagner, kutoka opera yake *Lohengrin* iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850. Mimi, kwa kiherehere cha seminari, nikaenda kuusoma. Kumbe katika opera hauimbwi bibi harusi akiingia kanisani. Unaimbwa maharusi wakisindikizwa chumbani. Wakishaachwa peke yao, bibi harusi anamuuliza mumewe swali pekee aliloapa kutomuuliza kamwe, yaani jina lake na atokako, na kabla pazia halijafungwa mume ameondoka zake. Nikamweleza Shangazi kwamba ndoa ile haikumaliza hata usiku mmoja. Akanitazama kwa muda.

"Sasa mtu anaolewaje na mwanamume asiyemjua jina? Hawakuwa na wazee?"

Nikahamia kwa Mendelssohn. Machi yake ya harusi ni ya mwaka 1842, na ilipata umaarufu ilipopigwa mwaka 1858 kwenye harusi ya binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Lakini aliitunga kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare ambamo malkia wa majini anarogwa na kumpenda fundi mwenye kichwa cha punda. Hilo sikupaswa kulisema. Upande wa bwana harusi walikuwa na mjumbe mle kikaoni, na akataka kujua, kwa upole kabisa, ni nani hasa tuliyemlenga.

Pachelbel je? Kanoni yake ni nzuri mno, nikaeleza, na chini yake selo inarudia noti nane zilezile mara 28, bila kubadilisha kitu.

Mhazini akainua kalamu. "Noti nane za ngapi?"

"Si za fedha, Mama."

"Basi usinihesabie."

Mwenyekiti akaongeza kwamba kurudia jambo moja mara 28 ni kazi yake yeye, ya kukumbushia michango, na hajaona mtu akiiita uzuri.

Niseme jambo moja kuhusu hawa watunzi, kwa sababu lilinikaa kichwani wiki nzima. Wagner alizaliwa Leipzig mwaka 1813. Mendelssohn aliongoza okestra ya Leipzig na akafia hukohuko mwaka 1847. Bach alikuwa mkuu wa muziki wa makanisa ya mji huo tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Na Leipzig ndiko walikotumwa wamisionari wa Kilutheri waliokuja huku mlimani. Wawili wa kwanza, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, mwendo mfupi tu kutoka tulipokuwa tumekaa tukigombania ndafu. Kwa hiyo mji ule si mgeni kwetu hata kidogo. Nilijaribu kuieleza kamati haya. Mwenyekiti akasema "tumepokea," neno ambalo kikaoni maana yake ni nyamaza.

Hatimaye nikampata Jeremiah Clarke, Mwingereza. Ana machi ya tarumbeta ambayo kwa miaka mingi watu walidhani ni ya Purcell. Ni fupi, ina heshima, na haina punda. Nikaongeza, kwa kujivuna, kwamba Diana aliingia nayo kanisani London mwaka 1981 alipokuwa akiolewa na Charles.

"Na Diana ndoa yake iliishia wapi?" Shangazi akauliza.

Sikumwambia habari za Clarke mwenyewe, aliyejiua mwaka 1707, inasemekana kwa ajili ya mapenzi. Nikaomba kura zipigwe haraka.

Mchungaji hakukataa, ila alitaka kujua muziki usio na maneno unahubiri nini. Nikajibu kwamba unahubiri utulivu. Akasema utulivu ni jambo jema, tuone kama utapatikana. Kijana mpiga kinanda wa usharika akakubali kuipiga kwa sauti ya tarumbeta iliyomo mle kwenye kinanda, kwa masharti kwamba alipwe zile 50,000 kabla ya Ijumaa.

Alhamisi kazi ikanipeleka Karatu. Nikampigia Mjomba.

"Mjomba, shikamoo. Naomba unisaidie kumlipa yule wa tarumbeta. Elfu hamsini."

"Marahaba. Tarumbeta? Kwa hamsini hawaji, mwanangu. Niachie mimi, nitaongezea."

Nikamshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Jumamosi ilikuwa ya Julai, ukungu umefunika Meru yote, mashangazi wamevaa masweta juu ya sare za kitenge. Ibada ilikuwa saa nane. Bibi harusi alifika saa nane kasorobo, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kuliona. Kinanda kilikuwa mahali pake, kimefunikwa kitambaa cheupe. Mpigaji hakuwepo. Nikampigia.

"Kaka, sijalipwa. Niko Usa kwenye harusi nyingine."

Bwana harusi naye hakuonekana. Msimamizi wake akapokea simu huku nyuma kukiwa na kelele ambazo sikuzielewa mara moja. "Tuko Mnara wa Saa," akasema. Baada ya robo saa nikapiga tena. "Tuko Mnara wa Saa." Msafara ulitoka Sakina, na anayetoka Sakina kuja Tengeru hana haja ya kufika Mnara wa Saa. "Tunazunguka," akafafanua. "Matarumbeta yamekubali kweli!"

Mjomba alikuwa ameagiza kundi la matarumbeta la mtaani, watu saba juu ya pikapu na ngoma kubwa, na pikapu hiyo ilikuwa inauongoza msafara kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea. Walikuwa bado na kilomita kama 13.

Saa tisa ikapita. Mchungaji akasimama, akasema tuimbe wakati tunamngoja bwana harusi, akaanzisha wimbo wa wanawali kumi, wale wa taa na mafuta, bwana arusi anapokawia. Nilicheka peke yangu kanisa zima mpaka Shangazi akanifinya. Wimbo huo ni wa Philipp Nicolai, wa mwaka 1599, na Bach aliutungia kantata Leipzig mwaka 1731, kwa ajili ya Jumapili ya 27 baada ya Utatu, ambayo hutokea tu mwaka ambao Pasaka imewahi sana. Nilihangaika wiki sita kutafuta klasiki, na sasa waumini wapata mia tatu walikuwa wakiiimba kwa sauti nne, bila kinanda, bila bajeti.

Tulikuwa kwenye ubeti wa mwisho, kwa mara ya tatu, pikapu ilipoingia uwanjani. Mkuu wa matarumbeta akashuka, akatega sikio mlangoni, akaupata wimbo hapohapo. Wenzake wakamfuata. Kisha yule wa ngoma kubwa naye akaingia, kwa mdundo wake, ambao haukutoka Leipzig.

Bibi harusi aliingia na hayo. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Machi ya Clarke ina dakika tatu. Yeye alitumia kumi na mbili, na Shangazi akiwa mbele yake amevua sweta. Chini ya kanzu ya Mchungaji nilikiona kiatu kimoja kikihesabu. Nilipokutana macho na mdogo wangu nilitegemea kulaaniwa, lakini alikuwa ameshaanza kutikisa mabega.

Video ilikuja baada ya miezi mitatu, ina saa tatu na nusu. Pale bibi harusi anapoingia, matarumbeta yanaonekana vizuri, mashavu yamevimba, fimbo ya ngoma inapanda na kushuka, lakini hakuna kinachosikika. Fundi wa video amefuta sauti yote na kubandika juu yake wimbo wa Wagner. Shangazi ameshaitazama mara nne.