Sifa za Mheshimiwa Dumuzi

Viongozi wetu wameshasifiwa vya kutosha. Leo ni zamu ya dumuzi, yule mdudu ambaye wengine humwita Scania, na ambaye kila mwenye kihenge hapa Ushirombo anamjua bila kutambulishwa.

Sifa zake ndogondogo nazitaja harakaharaka. Umbo lake ni dogo, halifiki nusu sentimita, kwa hiyo hana makuu. Hachagui chakula: mahindi sawa, makopa sawa, na akikosa vyote hutoboa hata miti ya kihenge.

Sifa kuu ni usafiri wake. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatambuliwa Tabora, kwa majirani zetu, na inaaminika alikuja ndani ya mahindi yaliyotoka nje. Hebu fikiri, msomaji! Bahari kavuka, bandari kapita, nchi kavu kaikata hadi Unyamwezini, bila kibali cha kuingiza mazao, bila cheti cha afya ya mimea, bila mhuri. Hakupanga foleni. Hakuambiwa mwenye saini katoka, arudi Jumatatu. Kufikia mwaka 1984 alishaonekana Kenya na Burundi, na hata Togo, huko kwa safari nyingine kabisa. Mabalozi wangapi wamefungua vituo vingi hivyo kwa muda mfupi namna hiyo?

Adui yake, mdudu aitwaye Teretrius nigrescens, alipotafutwa huko huko kwao ili aje kumla, yeye aliwekwa karantini kwanza. Akachunguzwa asije akadhuru wengine, ndipo akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Mwizi kapita bure, mgambo ndiye kapekuliwa.

Mheshimiwa gani lakini! Mahindi niliyahifadhi Juni, Desemba nikachota vumbi. Vumbi tupu, na watoto wanasubiri ugali.

Na mimi nilijaribu kusafiri kama yeye. Shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka alinipa kikombe cha mbegu za maharage na kifurushi cha pilipili manga. Kwenye kituo kimoja nikavimwaga mezani, nikasomewa sheria mpaka jua likageuka. Mbegu zikachukuliwa. Pilipili manga nayo ikachukuliwa, ingawa ilikuwa imeshasagwa; sijui waliogopa itaota wapi. Nyuma yangu malori yalikuwa yakipita, lakiri hazijaguswa.

Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Viwavijeshi vamizi walitufikia mwaka 2017, na kabla yao kantangaze alishamaliza nyanya za watu. Maharage ya shangazi yangeweza kubeba ugonjwa, nakubali. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imetuundia mamlaka kamili, TPHPA, ya kuzuia mambo hayo. Shida ni kwamba mkono wa ukaguzi huwa mwepesi kwenye kapu la mama na mzito kwenye turubai la tajiri, na dumuzi hakuja kwa kapu.

Basi wakaguzi, kikombe cha shangazi kichukueni, hata kesho. Ila na lile lori mlisimamishe, mfungue turubai, mchome bambo mpaka gunia la katikati.